Kuvu Iliyolala

Watu wengi hudhani kuwa maadui wa karatasi ni moto na mchwa. Katika miaka yangu ya kusimamia chuo cha ualimu niliona nyingi zaidi zikiharibiwa na maji. Moto huteketeza ukamaliza. Maji huiachia kuvu kazi. Rejista ikilowa leo, katika joto letu, baada ya siku mbili au tatu utaona mabaka, kisha ile harufu ya stoo iliyofungwa, na kurasa zimeshikamana. Mwalimu ambaye jina lake limo humo hana habari, mpaka siku anayodai kiinua mgongo chake.

Ndiyo maana yaliyotokea karibu na St. Louis, Marekani, yalinigusa. Tarehe 12 Julai, 1973, usiku, ghorofa ya juu ya jengo la kumbukumbu za wanajeshi ilishika moto. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yalipotea, mengi yakiwa ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya mwaka 1912 na 1960. Nakala hazikuwapo. Wazima moto walimwaga maji kwa siku kadhaa, yakateremka ghorofa hadi ghorofa, na Julai kule ni mwezi wa joto na unyevu. Majalada yaliyonusurika moto yalilowa chapachapa, na kuvu ikaanza.

Walipuliza dawa ya thaimoli kuizuia. Kisha wakayapanga majalada katika makreti ya plastiki ya kubebea maziwa (jambo lililonifurahisha, maana mwalimu mkuu yeyote angefanya vivyo hivyo) na kuyapeleka katika kiwanda cha ndege cha McDonnell Douglas. Huko kilikuwako chumba kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya majaribio ya vyombo vya angani. Kiliingia makreti yapatayo 2,000 kwa mkupuo mmoja. Hewa ilifyonzwa mpaka baridi ikafikia kiwango cha kuganda, kisha hewa kavu yenye joto ikaingizwa, na kazi ikarudiwa mpaka karatasi zikakauka. Ukikumbuka kwamba mwaka 1966, mto Arno ulipofurika mjini Florence, vitabu vilikaushwa katika matanuri ya tumbaku, utaona hatua iliyopigwa.

Mwaka 1975 Peter Waters, fundi wa vitabu aliyekuwa Florence wakati ule, aliandika mwongozo uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Shauri lake kubwa lilikuwa kugandisha kwanza. Karatasi ikiganda, kuvu husimama, nanyi mnapata muda wa kufikiri. Baadaye, ndani ya mashine isiyo na hewa, barafu hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji, kwa hiyo wino hautiririki wala kurasa hazigandamani.

Je, baridi hiyo huua vijidudu? Wengi huamini hivyo. La hasha! Chanjo ya kifua kikuu, BCG, ni bakteria walio hai waliokaushwa kwa njia iyo hiyo hadi wakawa unga. Muuguzi huongeza maji maalumu na kuchanja. Tunaitumia njia hii kuhifadhi vijidudu, halafu tunataraji iwaangamize wale walio katika karatasi! Nyuzi za kuvu nyingi hufa, ni kweli, lakini mbegu zake, ambazo kwa macho ni vumbi tu, hulala. Unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 65 huweza kuamka. Pwani yetu huupita unyevu huo sehemu kubwa ya mwaka. Jalada lililokaushwa kwa gharama zote hizo, kisha likarudishwa katika stoo isiyo na madirisha, limeahirishiwa tu hukumu. Na hata kuvu iliyokufa humdhuru mwenye pumu.

Kule St. Louis wanalijua hilo. Majalada yapatayo milioni 6.5 yaliokolewa, nayo huhifadhiwa peke yake katika stoo yenye ubaridi na hewa inayodhibitiwa. Jalada likiombwa, mafundi waliovaa glavu husafisha kuvu kwanza, ukurasa kwa ukurasa, ndipo linakiliwe. Kwa askari ambaye jalada lake liliungua, makarani hupekua hati za malipo na kumbukumbu nyingine, wakitafuta ushahidi kwamba alitumikia jeshi, ili yeye apate matibabu yake, au mjane wake aruhusiwe kumzika katika makaburi ya wanajeshi.