Maneno ya Kiingereza Yaliyofika Mapendo

Hapa kwetu Mapendo kijana anayetoka kozi ya Kiingereza anatembea kifua mbele. Lakini babu yake akisema tu, "Niko naenda ku biro," mtu aliyekaa Dar es Salaam anamcheka: "Kiswahili cha Goma kimeharibika, kimejaa Kifaransa. Sema ofisi." Mzee ananyamaza. Hata wajukuu wanaanza kuona haya ya kusema kama yeye.

Tujiulize basi: hicho Kiingereza tunachokiheshimu, chenyewe ni safi? Na maneno yake yaliyoingia sokoni kwetu yalitoka wapi?

Tuanze na "ofisi". Watanzania waliitoa kwa Waingereza, ni kweli. Lakini Waingereza nao waliitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa waliitoa katika Kilatini. Kwa hiyo anayemcheka mzee wetu kwa sababu ya Kifaransa, naye anasema Kifaransa bila kujua, tofauti ni kwamba chake kilizungukia London.

Sababu iko katika historia. Mwaka 1066, William, mtawala wa Normandie katika Ufaransa, alivuka bahari akaishinda Uingereza. Kwa miaka karibu 300 wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa: ikulu na mahakamani. Ni mwaka 1362 tu ndipo sheria ilipoagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza. Alama zimebaki hata mezani. Ng'ombe akiwa malishoni anaitwa "cow", neno la kale la wakulima. Akifika kwenye sahani anaitwa "beef", ambalo ni neno la Kifaransa. Nguruwe na kondoo vilevile. Basi Waingereza walifanya kile kile tulichofanya sisi chini ya Wabelgiji: walichukua maneno ya mtawala wakayatumia kwa ulimi wao. Wao hakuna anayewacheka leo.

Sasa twende sokoni. "Mama, unipunguzie kidogo, niko na dola mbili tu." Neno dola tunalisema kila siku, na noti ikipasuka kidogo tu inakataliwa. Tunafikiri ni neno la Marekani. Hapana. Karibu mwaka 1520, katika bonde moja la Bohemia, nchi ambayo leo ni Cheki, walianza kutengeneza sarafu za fedha. Bonde liliitwa Joachimsthal, na kwa Kijerumani "Thal" ni bonde. Sarafu ikaitwa "thaler", yaani ya bondeni. Waholanzi wakasema "daalder", Waingereza "dollar", na Wamarekani wakalichagua jina hilo kwa pesa yao mwaka 1785. Ndugu yake, thaler ya malkia Maria Theresa yenye mwaka 1780, ilitumika sana Zanzibar katika karne ya 19, kabla noti ya Marekani haijajulikana huku kwetu. Na Dar es Salaam, sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala ndiyo iliyozaa jina la mabasi ya daladala.

Neno la pili linauma zaidi: "boyi". Wabelgiji walisema Kifaransa, lakini mtumishi wa nyumbani walimwita kwa neno la Kiingereza, "boy", ambalo leo maana yake ni mtoto wa kiume. Mtu mwenye mvi na wajukuu aliitwa hivyo mbele ya watoto wake. Kisha wakalizalisha neno lile kwa Kifaransa: mtumishi mwanamke akawa "boyesse", na kijumba cha nyuma ya uwanja kikawa "boyerie". Mwingereza mwenyewe hayo hayajui. Ajabu ni kwamba katika Kiingereza cha kale, karne ya 13, "boy" lilikuwa na maana ya mtumishi au mtu wa chini. Maana ya mtoto ilikuja nyuma. Neno lilifika Kongo likarudia tabia yake ya kwanza.

La tatu ni koltani, jiwe linalochimbwa kwetu Masisi. Jina hili limefupishwa kutoka majina mawili, columbite na tantalite. La kwanza linamkumbusha Christopher Columbus: mwaka 1801 Charles Hatchett, Mwingereza, alipata madini mapya ndani ya jiwe lililotoka Amerika, akayaita columbium. La pili lilitokana na madini ambayo Msuedi Anders Ekeberg aliyaita tantalum mwaka 1802, kwa sababu yakitiwa ndani ya asidi hayakunywa kitu. Alimkumbuka Tantalus wa hadithi za Wagiriki, aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji akiwa na kiu. Kila akiinama anywe, maji yanakimbia. Sisi tuna ziwa Kivu mbele ya macho, na mama zetu wanapanda na mabido kutafuta maji. Tena columbium liliachwa rasmi mwaka 1949, ikabaki niobium, kutoka kwa Niobe, binti wa Tantalus, aliyelia watoto wake waliouawa mpaka akageuka jiwe. Waliotoa majina hayo hawakuijua Masisi.

Lakini tusidhani sisi ni wa kupokea tu. "Chimpanzee" limeandikwa katika Kiingereza tangu 1738, nalo limetoka katika lugha za Kibantu za upande wa Kongo. "Safari" Waingereza walilichukua kwetu katika karne ya 19, nasi tulilipata kwa Waarabu. Kwao ni kwenda kutazama wanyama. Kwetu, hata kupanda bato kwenda Bukavu kumzika shangazi ni safari.

Kwa hiyo, kijana, jifunze Kiingereza, kitakusaidia. Ila usimcheke babu yako. Neno geni likifika, tuliulize kwao ni wapi, kama tunavyomuuliza mtu aliyeingia uwanjani, kisha tulipe kiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone.