Ujia Kabla ya Bikoni

Ukitaka kuijua Ipagala, usiende na bajaji. Shuka barabara kuu uingie mitaani kwa mguu, saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa halijaanza kuuma. Utaona jambo ambalo ramani ya viwanja haikuambii. Barabara za mitaa zimenyooka kama kamba ya fundi, lakini watu hawazifuati. Wanakata katikati ya kiwanja ambacho mwenyewe hajajenga, wanapita kando ya minyaa, wanashuka korongoni na kupanda ng'ambo ya pili. Ujia wanaoufuata hauzidi upana wa nyayo mbili, na umepinda. Mahali pengine unapinda pasipo na kitu chochote cha kukwepa. Huenda palikuwa na mbuyu hapo, au zizi la mtu. Kilichokwepwa kimetoweka, mpindo umebaki.

Leo Ipagala ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa mashariki, na ndani yake mna mitaa kama Ilazo na Swaswa. Mabati ya rangi, kuta za tofali, mageti ya chuma. Lakini hapa palikuwa shamba na malisho, na si zamani za mababu: watu wazima wa leo wanapakumbuka pakiwa na uwele, mtama, migunga na ng'ombe. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma mjini ina watu 410,956. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu wote hao walihitaji mahali pa kulala, na mahali penyewe ndipo hapo palipokuwa na uwele.

Kiswahili hakimpi mtu nafasi kubwa ya kutembea bure. Jirani akikuambia kesho atakuja kukutembelea, hakusudii kunyoosha misuli; anakuja kukuona, na wewe utateleka chai. Kutembea kwetu kuna mtu mwishoni mwake. Waingereza wameijenga desturi nyingine: kutoka kijijini baada ya chakula cha mchana, kuzunguka mashamba na vijito, kisha kurudi palepale bila kumtembelea yeyote. Nilidhani zamani kwamba huo ni uvivu wa watu walioshiba. Baadaye nikasoma kwamba njia zao za miguu zina ugomvi ndani yake. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wa viwandani, waliingia kwa makusudi katika mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya mabwana wa kuwinda ndege, na baadhi yao wakafungwa jela. Sheria ya 1949 ndiyo iliyozitaka halmashauri za Uingereza na Wales kuchora kwenye ramani kila njia ya mguu ya umma. Njia ikishaandikwa humo, mwenye shamba hawezi kuiziba kwa sababu tu ameamka vibaya.

Ugogo nayo, nchi ya Wagogo ambamo Ipagala imo, ilikuwa na njia zake, na ilikuwa na sheria zake. Iliyovuma zaidi ni ile ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Haikupita Ipagala yenyewe, ilipita kusini yake. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, aliandika majina ya vituo ambayo mkazi wa Dodoma atayatambua mara moja: Mvumi, Matumbulu, Bihawana. Kabla ya hapo, mwaka 1857, wasafiri Waingereza Burton na Speke walikuwa wamepita Ugogo. Kuingia kulikuwa kwa taabu. Baada ya kituo cha Chunyo, msafara ulivuka Marenga Mkali, nyika ya kilomita zipatazo 50 iliyopewa jina kwa maji yake makali ya chumvi, na wapagazi waliivuka kwa haraka, wengine usiku, kabla kiu haijawamaliza. Ukitoka Ugogo kwa magharibi ulikusubiri Mgunda Mkali, pori jingine la kukimbia.

Kati ya nyika hizo mbili, mwenye maji alikuwa mwenye neno. Watemi wa Kigogo walitoza hongo: nguo, shanga, waya wa shaba, kwa kadiri ya ukubwa wa msafara na hali ya mwaka. Wazungu wamejaza kurasa kwa kulalamika, wakiwaita Wagogo wanyang'anyi. Mimi naona walikuwa wamefika getini. Visima vilichimbwa na watu, ng'ombe walihitaji kunywa, na msafara wa watu mia kadhaa uliweza kukausha kisima kwa siku mbili. Hongo ilikuwa malipo ya kupita na kunywa, tena hadharani, baada ya siku nzima ya mazungumzo. Neno lenyewe ndilo lililoharibika njiani. Leo likitajwa tunafikiria bahasha chini ya meza.

Aliyetangulia msafara aliitwa kirangozi. Alivaa joho jekundu, akashika bendera, na nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifuatana mmoja mmoja, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani. Mstari huo wa mtu mmoja mmoja ndio uliochonga njia. Mti ukianguka, wa kwanza anauzunguka, na mia tatu wanaomfuata wanazunguka vilevile. Mti unaoza, mpindo unabaki. Penye njia panda, waliotangulia waliziba njia isiyo sahihi kwa kuilazia tawi au kuchora mstari mchangani kwa mguu, ili wa nyuma wasipotee. Tawi lililolazwa lilieleweka na kila mtu, awe wa pwani, wa Unyamwezi au wa hapahapa.

Chini ya njia hiyo kubwa kulikuwa na utando wa njia ndogo ambazo hakuna mgeni aliyeziandika. Wagogo hawakujenga vijiji vya kubanana. Kila kaya ilisimama peke yake, tembe la paa bapa la udongo lililozunguka ua wa mifugo, na kutoka kaya moja hadi nyingine ilikuwa mwendo wa mguu. Kulikuwa na njia ya ng'ombe, pana na yenye vumbi, na njia ya maji, iliyoshuka hadi kwenye mchanga wa korongo ambako wanawake walichimba mashimo kiangazi. Mvua za Desemba zikianza, zilizuka njia za kuchuma mlenda, ambazo hazikwenda popote, zilizungukazunguka tu. Kama kuna matembezi ya Ugogo yanayokaribia yale ya Waingereza, nadhani ni haya: mama na binti zake wanaondoka asubuhi bila kujua watafika wapi, wanaongea, wanainama, wanaongea, na wanarudi na chano cha mboga.

Na kulikuwa na njia za usiku, za kwenda ngomani. Ngoma ya muheme ya akina mama ilisikika mbali, na mtu alifuata sauti. Hukwe Zawose, mpiga zeze na ilimba aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huo mpaka majukwaa ya Ulaya, lakini makao yake yalikuwa Bagamoyo, kule kule njia ya wapagazi ilikoanzia.

Reli iliua njia kuu. Wajerumani walifika Dodoma nayo mwaka 1910, wakafika Kigoma mwaka 1914, na mzigo uliochukua miezi ukawa wa siku. Upagazi wenyewe haukufa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi cha wachukuzi hao hadi leo. Kilichofuata Ugogo kiliitwa Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, inayokadiriwa kuua watu 30,000. Miaka hiyo watu walitembea kutafuta chakula, na wengine hawakurudi.

Katika mwaka ulipoanza Mtunya alizaliwa Mathias Mnyampala, huko Ihumwa, mashariki ya Ipagala, mtunzi aliyekuja kuvumisha ngonjera. Kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954. Jina la Dodoma, wazee wa Kigogo husema, linatoka katika neno idodomya, kuzama: tembo alifika kunywa, akadidimia matopeni. Wengine husimulia ng'ombe wa wizi walioliwa, mikia yao ikachomekwa matopeni ili mwenye mali aambiwe wamezama. Hadithi zote mbili zinaanza na mnyama aliyekuwa akitembea kwenda majini.

Pigo la pili, safari hii kwa njia za kaya, lilikuwa Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kaya zilizotawanyika zilikusanywa vijijini, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akafyatua matofali pamoja na wananchi. Nyumba zikapangwa kwa mistari, na ujia wa kwenda kwa shemeji ukaota nyasi kwa sababu shemeji sasa alikaa nyumba ya tatu. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa, na mwaka 1976 kampuni ya Toronto ikakabidhi ramani ya mji. Ramani ile ina jambo ambalo wachache wanalikumbuka. Iliiona Dodoma kama kijiji kikuu katika nchi ya vijiji, mji wa mtembea kwa miguu, baiskeli na basi, gari binafsi likija mwisho. Kilichofika Ipagala miaka mingi baadaye ni bikoni za mipaka ya viwanja, hati na ukuta. Mamlaka ilivunjwa mwaka 2017, kazi ikaenda halmashauri, na viwanja vikaendelea kupimwa.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia ya umma, lakini haki hiyo inahitaji mtu wa kuidai na karatasi ya kuichora. Mama anayekwenda kuuza maandazi hadai. Anapita.

Siku hizi asubuhi za Jumamosi ujia wa Ipagala una wateja wapya. Watumishi waliohamia na serikali tangu 2016 wanatoka na raba na chupa za maji. Daktari amewaambia sukari imepanda. Wengine wanajiandaa kwa NBC Dodoma Marathon, inayokimbiwa tangu 2020. Wanazunguka, wanarudi nyumbani, hawakumtembelea mtu. Vikongwe wanaokutana nao wanawaamkia "Mbukwenyi!" na kuwatazama mpaka wanapotea kwenye kona.

Kiwanja kile nilichoanza nacho kimeanza kujengwa. Fundi aliziba ujia kwa tofali za saruji katika siku mbili, na siku ya kwanza watu walisimama mbele ya ukuta kama ng'ombe penye lango. Siku ya tatu mtu aliuzunguka kwa kulia. Nilipopita tena baada ya wiki tatu, ardhi ya pale ilikuwa imeshakuwa ngumu na nyeupe, nyayo mbili kwa upana, na imekunja kona.