Pampu ya oili ya Land Rover ya zamani: Pima presha kabla hujanunua mpya

Una Land Rover ya zamani, Series IIA au Series III ya petroli, na kila ukitoka Musoma kwenda Bunda taa ya oili inaanza kuchezacheza injini ikishachemka? Ushauri wa mtaani huwa ni mmoja: nunua pampu kubwa. Subiri kwanza. Pampu inaweza isiwe na kosa, ukatoa pesa bure huku krenki ikiendelea kuliwa.

Presha inatoka wapi?

Injini hiyo ya cc 2,286 ina pampu ya gia mbili iliyokaa ndani ya sampu. Kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha inapatikana oili inapobanwa kwenye nafasi ndogo kati ya krenki na metali. Metali zikilika, nafasi inapanuka, oili inapita kirahisi na presha inashuka, hata kama pampu ni mpya kabisa.

Anza na geji

Fundi afungue swichi ya taa ya oili, afunge geji mahali pake. Injini ikiwa ya moto, gia ya nne, mwendo wa kilomita 48 kwa saa, geji inatakiwa isome paundi 35 hadi 65 kwa inchi ya mraba. Ikisoma vizuri, tatizo ni swichi au waya.

Ikisoma chini, hakikisha kwanza oili imetosha na si nyepesi mno. Injini hizi zimezoea 20W-50. Kisha shusha sampu, angalia chujio la kunyonyea kama limeziba, na kagua metali.

Kuboresha uliyonayo

- Fungua pampu, pima nafasi kati ya uso wa gia na mfuniko kwa fila. Kwa gia ya chuma iwe milimita 0.05 hadi 0.12.
- Mfuniko ukiwa na michirizi, usuguliwe kwa msasa laini juu ya kioo mpaka ulale sawa.
- Safisha valvu ya presha, badilisha springi iliyochoka. Usiongeze washa nyuma yake: hiyo inapandisha presha ya juu tu, haisaidii injini ya moto ikiwa sailensa.

Ukilazimika kununua

Nenda dukani na pampu ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya meno, urefu wa gia na meno ya shafti. Kama injini ni nzima, pampu ya saizi ileile inatosha. Kubwa zaidi inaipa mzigo gia inayoizungusha, na oili inayozidi inarudishwa kwenye sampu na valvu.

Kabla ya kuwasha

Jaza pampu oili safi kabla ya kuifunga. Toa plagi, piga stata mpaka geji ipande, ndipo uwashe.

Na ukiwa njiani, taa ikiwaka moja kwa moja au injini ikaanza kugonga, zima hapohapo. Kuvutwa kutoka lango la Ndabaka hadi Bunda mjini ni hasara ya siku moja. Gari likinoki, utalipia krenki, metali na wiki kadhaa za kusubiri spea.