Virusi Wengi, Kirusi Kimoja? Hoja ya Umbo la Umoja

Kuna wanaolikataa neno "kirusi" wakisema limezuka kwa kutojua, kwa kuwa silabi ya kwanza ya "virusi" si kiambishi cha wingi bali ni sehemu ya mzizi wa kigeni. Historia ya neno lenyewe haiwaungi mkono. Kiingereza kilichukua "virus" kutoka Kilatini, ambako lilimaanisha sumu au majimaji machafu, kitu kisichohesabika, na maandishi ya Kilatini cha kale hayakutuachia wingi wake. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi alichuja utomvu wa majani ya tumbaku yaliyougua kwa chujio la kauri linalozuia bakteria, na utomvu ule ukaendelea kuambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi, aliyepata matokeo kama hayo, alikiita kisababishi hicho "virus" akiamini ni kiowevu chenye uhai. Ni hadubini ya elektroni, mwaka 1939, iliyoonyesha kwamba ni chembe, tena zenye umbo la vijiti. Kilichodhaniwa kuwa majimaji kikawa kitu cha kuhesabiwa, na kila lugha ikalazimika kukitafutia umoja na wingi kwa kanuni zake. Kiingereza kilifanya hivyo kwa "viruses"; Kiswahili nacho kina haki hiyohiyo.

Tena Kiswahili kimekwisha kuamua. Tunasema "virusi vya Ukimwi", hata kifupisho VVU kimejengwa juu ya "vya" hiyo. Anayekubali "virusi hivi vimeenea" amekwisha kuliingiza neno katika ngeli ya KI-VI, na umoja wa ngeli hiyo ni "ki". Ndivyo "kitabu" cha Kiarabu kilivyozaa "vitabu", ingawa "ki" yake ni ya mzizi.

Atauliza mtu: mbona "vitamini" haikuzaa "kitamini"? Kwa sababu wasemaji husema "vitamini hii" na "vitamini hizi". Upatanisho ndio unaoamua ngeli, si sauti ya mwanzo peke yake. Wengine huhofia mgongano na lugha ya Kirusi, lakini herufi kubwa na muktadha huondoa utata. Faida ni kubwa kuliko hofu hiyo: surua huletwa na kirusi kimoja, ilhali homa ya ini huletwa na virusi tofauti, A hadi E. Mwalimu wa afya anayenyimwa umoja hawezi kuieleza tofauti hiyo sawasawa. Kamusi na vitabu vya shule viandike "kirusi" bila kusita.