Biringani kwenye Meza ya Wageni

Historia tuliyofundishwa shuleni ilikuwa ya wafalme, mikataba na vita. Jikoni hatukuingizwa. Labda ni kwa sababu jikoni palikuwa mahali pa wanawake na watumishi, na watu hao, wenzangu, hawakuwa na mwandishi wa kuwaandikia. Lakini sahani nayo ina kumbukumbu zake. Hebu leo tuchukue sahani moja tu, tena ya ugenini, tuipekue tabaka kwa tabaka tuone imebeba nini.

Sahani yenyewe ni ya Italia ya kusini, na jina lake ni parmigiana di melanzane. Ni vipande vya biringani vilivyokaangwa, vikapangwa tabaka juu ya tabaka pamoja na mchuzi mzito wa nyanya, majani ya rehani na jibini, halafu vikaokwa. Nyumbani huokwa kwenye bakuli kubwa, kila mtu akakatiwa kipande chake. Kwenye karamu na mahotelini hutengenezwa kama vijumba vidogo vya ghorofa tatu au nne, kila mgeni na chake, na huletwa mwanzo kabisa, kabla ya chakula chenyewe. Ni njia ya kumwambia mgeni: tumekungoja, karibu. Mwitaliano atakuapia kwamba hicho ni chakula cha kwao asili, cha bibi yake na cha bibi wa bibi yake. Kumbe ndani ya sahani hiyo karibu kila kitu ni mgeni.

Tunda la wazimu

Tuanze na biringani lenyewe. Asili yake ni Asia, upande wa India. Kutoka huko lilipita Uajemi, likaingia nchi za Waarabu, na wapishi wa Baghdad wakalipenda sana. Kipo chakula cha mabiringani kiitwacho buraniya, kilichopewa jina la Buran, mke wa Khalifa al-Ma'mun, aliyeolewa mwaka 825. Matabibu lakini hawakukubaliana na wapishi. Ibn Sina (980–1037), tabibu mkubwa wa zama zile, alilihesabu biringani kuwa ni chakula chenye kuzalisha nyongo nyeusi mwilini, na nyongo nyeusi ndiyo waliyoidhania kuleta huzuni na maradhi ya akili.

Waislamu wa Afrika ya Kaskazini walianza kuiteka Sicily mwaka 827, wakaingia Palermo mwaka 831. Katika utawala wao kisiwa kile kilipata mifereji ya kumwagilia mashamba, na mimea ambayo Ulaya ilikuwa haijaizoea: miwa, malimau, machungwa, na biringani letu hili.

Sasa sikiliza safari ya jina. Waajemi walisema badingan, Waarabu badhinjan, Wahispania berenjena, Wareno beringela. Nasi pwani tunasema biringani, wengine bilingani, wengine biringanya. Tamka majina hayo moja baada ya jingine, utaona ni mtu mmoja anayebadilisha kanzu tu. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na walipoondoka walituachia maneno kadha wa kadha: leso, mvinyo, na hata hiyo meza ambayo leo tunaketi tukijiona wenyeji. Si ajabu na biringani kulipitisha mkono wao.

Waitaliano walifanya jingine. Neno la Kiarabu liligeuka vinywani mwao likawa melanzana, na masikio ya watu yakasikia humo mela insana, yaani tofaa la wazimu. Matabibu nao walikuwa wamekwisha kulisema vibaya, basi jina likaganda. Tunda likawa na sifa mbaya kabla halijaonjwa.

Chakula cha waliodharauliwa

Hapa ndipo habari inapoanza kuuma. Sicily ilikuwa na Wayahudi wengi, waliokaa pale karne nyingi, tangu kabla ya Waarabu. Walizoea biringani kama majirani zao. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania, ambao ndio waliokitawala kisiwa kile, waliamuru Wayahudi wote waondoke. Ilipofika Januari 1493 wakawa wamekwenda. Ufalme wa Naples nao uliwafukuza mwaka 1510, ukamalizia mwaka 1541. Wengi walikimbilia miji ya kaskazini wakiwa na watoto, matandiko, na mapishi yao.

Huko kaskazini walipokewa kwa masharti. Venice iliwafungia katika mtaa mmoja mwaka 1516, mtaa ulioitwa Ghetto. Ndilo neno hilo hilo ambalo vijana wa Dar es Salaam wamelifanya jina la chumba cha kupanga: geto. Florence nayo ilifungua mtaa kama huo mwaka 1571. Na kwa kuwa mabiringani yalionekana zaidi kwenye vyungu vya Wayahudi, basi likawa neno: ati hiki ni chakula cha Wayahudi, mtu wa heshima hakigusi.

Ushahidi wa jambo hilo ametuachia Pellegrino Artusi, mfanyabiashara mstaafu aliyeandika kitabu cha mapishi kilichokuja kuwa mashuhuri kuliko vyote Italia. Artusi anaeleza kwamba miaka arobaini nyuma, mabiringani yalikuwa hayaonekani sana katika soko la Florence, kwani yalidharauliwa kama chakula cha Wayahudi. Halafu mzee anaongeza kwamba katika jambo hili, kama katika mengine, Wayahudi walikuwa na pua nzuri kuliko Wakristo. Ni kauli fupi, tena ya mzaha kidogo, lakini ni nadra kumkuta mtu wa zama zile akiandika hivyo bila kuficha.

Ndugu yake kutoka Meksiko

Tabaka la pili ni nyanya. Nyanya ni mmea wa Marekani. Waliouendeleza kuwa chakula ni watu wa Meksiko, na jina lake la Kiazteki lilikuwa xitomatl. Wahispania waliuteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, na baada ya hapo mbegu zikavuka bahari.

Tabibu mmoja wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliitaja nyanya katika kitabu chake cha mwaka 1544. Aliielezaje? Aliiweka pamoja na biringani! Alisema ni aina nyingine ya tunda lile lile, na kwamba huliwa vivyo hivyo. Katika toleo la mwaka 1554 akaipa jina la Kiitaliano, pomi d'oro, yaani matofaa ya dhahabu. Tusimcheke. Kiswahili nacho kimefanya hivyo hivyo: nyanya chungu, ambayo ni ndugu wa karibu wa biringani, tumeiita nyanya pamoja na hii nyekundu ambayo Wazanzibari huiita tungule. Na kweli wote ni ukoo mmoja, pamoja na viazi mviringo, tumbaku, mnavu na ndulele. Ukoo huo una wenye sumu ndani yake, na Ulaya waliwajua wenye sumu kwanza. Ndiyo maana nyanya nayo iliangaliwa kwa jicho la pembeni muda mrefu.

Mwaka 1692, Antonio Latini, aliyekuwa msimamizi wa karamu kwa bwana mmoja Mhispania mjini Naples, alichapisha maelezo ya mchuzi wa nyanya. Nyanya zinachomwa juu ya makaa, zinamenywa, zinakatwakatwa na kuchanganywa na vitunguu, pilipili, chumvi, mafuta na siki. Ni kachumbari, msomaji, au karibu yake. Na Latini mwenyewe hakuuita mchuzi wa Kiitaliano. Aliuita wa mtindo wa Kihispania.

Jina kapewa nani?

Tabaka la tatu ni jibini, na hapo ndipo penye ugomvi. Jibini ngumu ya Parma ilikuwa na sifa tangu zamani. Watawa wa nyanda za mto Po waliitengeneza tangu karne ya 12, na Boccaccio, katikati ya karne ya 14, alisimulia nchi ya kubuni yenye mlima mzima wa jibini hiyo iliyokunwa. Mozzarella, ile laini nyeupe, imetajwa katika kitabu cha mpishi Bartolomeo Scappi cha mwaka 1570. Ile bora hutokana na maziwa ya nyati wa kufugwa, mnyama ambaye asili yake, tena, ni Asia. Hata rehani inayotiwa katikati ni ya nchi za joto za Asia. Kina mama wa pwani wanaijua vizuri: ndiyo ile ya kwenye kikuba, pamoja na asumini na mkadi. Sisi tunaivaa, wao wanaila.

Vyote hivyo vilikutana lini kwenye bakuli moja? Mwaka 1837 Ippolito Cavalcanti alichapisha kitabu chake mjini Naples. Humo anaelekeza mabiringani yakaangwe, yapangwe tabaka kwa tabaka na jibini na rehani, yamwagiwe supu ya nyama au mchuzi wa nyanya. Mozzarella bado haimo. Na nyanya ni hiari tu: ukiwa na supu, tia supu.

Sasa jina. Watu wa Parma wanasema neno parmigiana ni lao, si unaona lenyewe. Watu wa Sicily wanasema hapana, ni neno la kwao parmiciana, vile vibao vya dirisha vinavyolaliana, kama vipande vya biringani vinavyolaliana. Watu wa Naples wanasema semeni mtakavyo, kitabu ni chetu. Miji mitatu inagombania cheti cha kuzaliwa cha sahani moja, na hakuna hata mmoja unaowataja Waarabu, Wayahudi wala watu wa Meksiko. Mali inagombaniwa na watoto wa nyumba kubwa. Waliolima hawakuitwa kwenye kikao.

Mezani karibu, mlangoni toka

Tunapenda kusema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Biringani lilikuja, mwenyeji akapona kweli. Kufikia mwisho wa karne ya 19 lilikuwa fahari ya meza za Italia. Lakini je, kupendwa kwa chakula ni kupendwa kwa mwenye chakula?

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi, Wayahudi wakafukuzwa mashuleni na makazini. Tarehe 16 Oktoba 1943, askari wa Kijerumani walizingira mtaa wa Wayahudi mjini Rome. Zaidi ya watu 1000 walikamatwa siku ile katika mji mzima na kupelekwa Auschwitz. Waliorudi ni 16 tu. Wakati huo biringani halikuwa tena chakula cha kudharauliwa. Lilikuwa limekwisha kuwa la kila mtu.

Tusidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waliondoka. Chapati haikuondoka, sambusa haikuondoka. Mpaka leo huwezi kupita mtaa wa Kampala bila kusikia harufu ya chapati kwenye chuma, na vijana wanaozisukuma hawana kosa lolote. Ila tujue: ulimi husahau upesi kuliko vitabu.

Kwa atakayetaka kupika

Chukua mabiringani mawili makubwa, uyakate mviringo, unene wa sentimita moja. Nyunyiza chumvi, yaache kwenye chujio nusu saa. Zamani ilikuwa ni kutoa uchungu. Mabiringani ya siku hizi hayana uchungu sana, lakini chumvi inavuta maji, na biringani lisilo na maji halinywi mafuta mengi. Yafute, yakaange mpaka yawe rangi ya kahawia. Pika nyanya zilizomenywa kwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni mpaka mchuzi uwe mzito, usiotiririka. Kisha jenga: biringani, mchuzi, jani la rehani, kipande cha mozzarella iliyochujwa maji, jibini ngumu iliyokunwa kidogo. Rudia mara tatu. Kwa wageni sita tengeneza sita. Oka kwa moto wa digrii 200 kama robo saa, jibini iyeyuke. Usiwe na haraka ya kupakua. Acha kwanza vitulie, la sivyo ghorofa itaanguka mbele ya mgeni.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tunaoandika. Artusi alipomaliza kitabu chake hakupata mchapishaji wa kukikubali. Mwaka 1891, akiwa na miaka 71, alikichapisha kwa fedha zake mwenyewe, nakala 1000. Bila mzee huyo, ule mstari wa soko la Florence tungeutoa wapi? Nasi tuna bibi zetu wanaojua kisamvu cha karanga, boko boko, mseto na mnavu, na kila chungu kina habari ya mtu aliyekuja kutoka mahali fulani, kwa hiari au kwa kufukuzwa. Nenda jikoni na daftari. Uliza chakula hiki kinapikwaje, halafu uliza na swali la pili: nani alikileta, na yeye yuko wapi sasa?