Milima ya Kahe: mrefu ndiye mdogo kwa umri

Tukiulizwa mlima gani ni mkongwe zaidi mkoani Kilimanjaro, wengi tutaonyesha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kana kwamba theluji ni mvi. Miamba inasema kinyume. Tambarare kavu za Kahe, kusini mashariki mwa Moshi, zimepakana na milima ya aina mbili: kaskazini Kilimanjaro wenye mita 5,895, na mashariki safu ya Upare Kaskazini, ambayo kilele chake cha Kindoroko kinapita mita 2,100 kidogo tu. Huyu mfupi ndiye mzee, tena kwa mbali sana, na bila wote wawili Kahe isingekuwa ilivyo.

Ushahidi wa Upare umo ndani ya jiwe. Miamba ya Usangi na Ugweno ina mistari myeupe na myeusi iliyokunjwa, na mara nyingi punje nyekundu za ganeti. Madini yaliyokusanyika humo yanahitaji joto na mkandamizo wa kina cha zaidi ya kilomita 30, na vipimo vya umri vinaonyesha kwamba yalipikwa huko chini takriban miaka milioni 640 iliyopita, wakati mabara yalipogongana na kuunda bara kubwa la Gondwana. Alama za mgongano huo haziishii Same wala Usambara. Zinapita Kenya, Ethiopia na Sudan hadi kwenye milima ya jangwani ya Misri na Saudi Arabia, pande zote mbili za Bahari ya Shamu. Milima ile mitupu na Usambara yenye misitu ni ya ukoo mmoja. Mvua ndiyo iliyowatenganisha.

Msomaji makini atapinga: jiwe kuwa kongwe hakufanyi mlima uwe mkongwe. Ni kweli, na hoja hii inanilazimu kupunguza dai langu. Milima iliyoinuliwa na mgongano ule ilimomonyoka zamani sana, ndiyo maana miamba ya kina kile leo inapigwa jua. Upare tunaouona ni pande la ardhi lililobaki juu wakati ardhi ya jirani ilipokatika na kudidimia. Nyufa zilizoikata ardhi hiyo ziliamka zaidi ya mara moja, na mwishoni zikaamshwa na Bonde la Ufa, ambalo tawi lake la Pangani linapita hapa. Lakini hata tukihesabu umbo na kuliacha jiwe, Upare ulikuwa umesimama kabla Kilimanjaro haujaanza. Kati ya vilele vyake, Shira ilianza kutoa lava kama miaka milioni 2.5 iliyopita, Mawenzi ikafuata kama milioni moja iliyopita, na Kibo, kinachopigwa picha kuliko vyote, hakina hata miaka nusu milioni. Wala hakijafa: shimo la Reusch kileleni bado linafuka gesi ya salfa. Mwaka 2016 watafiti walitoboa chini ya Ziwa Chala, ambalo ni kasoko kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya, wakatoa tope lenye kumbukumbu ya karibu miaka 250,000. Kwa Kibo huo ni nusu ya maisha. Kwa mawe ya Upare ni jana.

Kati ya mzee na kijana huyu lilibaki bonde, nalo likajazwa majivu, mawe na udongo ulioporomoka kutoka Kilimanjaro. Reli ya kutoka Tanga inafuata upenyo huo, chini ya Usambara na Upare, hadi Kahe. Mvua hapa ni haba, karibu milimita 500 kwa mwaka, ilhali msitu wa mlimani upande wa kusini hupata zaidi ya 2,000. Hata hivyo chemchemi ya Miwaleni inabubujika katikati ya ukame. Wengi husema hiyo ni theluji ya Kibo inayoyeyuka. Hesabu haikubali: barafu iliyobaki ni ndogo mno kulisha mito na chemchemi zote hizi, na sehemu yake kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja. Maji ni ya mvua ya msituni. Lava changa ya Kilimanjaro imejaa nyufa na matundu, hivyo huyameza na kuyapitisha chini kwa chini, hadi yanapokutana na udongo laini wa tambarare na kulazimika kutoka nje. Gneisi ya Upare, ile miamba yenye mistari, iliyoshikana baada ya kupikwa kwenye kina kile, haimezi mvua kwa kiasi hicho, na ndiyo sababu mkulima wa Kahe humwagilia shamba lake kwa maji ya mlima ulio mdogo kwa umri.