Kabla Hujaamini Nyota Tano: Historia ya Swali la "Tukale Wapi?"

Leo tuwape mastaa mapumziko, tuongelee nyota nyingine: zile unazokutana nazo kwenye simu ukitafuta mgahawa. Wengi tunadhani zimezaliwa na intaneti. Kumbe zimetoka kwa wauza matairi!

Mwaka 1900 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilichapa kitabu cha bure cha wenye magari. Hesabu yao ilikuwa rahisi: watu wakisafiri sana, matairi yanaisha, watanunua mengine. Mwaka 1926 wakaanza kuipa migahawa nyota, na 1931 zikawa moja hadi tatu. Sasa cheki maana yake. Nyota moja ni mgahawa mzuri. Mbili, unastahili uiache njia yako uupitie. Tatu, funga safari kwa ajili yake tu. Yaani nyota ilikuambia cha kufanya na gari lako. Ukisoma, unaamua.

Vuka bahari mpaka Marekani, mwaka 1936. Mbeba barua mmoja mweusi wa Harlem, New York, alianza kutoa kitabu kilichojulikana kama Green Book. Kilikuwa na majina na anwani za sehemu ambazo mtu mweusi angepokelewa: migahawa, hoteli, saluni, vituo vya mafuta. Wakati ule sehemu nyingi zilikuwa na ubaguzi wa wazi. Msafiri mweusi mwenye njaa hakuuliza kwanza kama kuku ni mtamu. Aliuliza: nikiingia na wanangu, tutahudumiwa au tutafukuzwa? Kitabu kilimjibu bila mbwembwe, na jibu hilo lingeweza kumwepusha na matusi, hata kipigo. Kiliendelea kutoka mpaka miaka ya 1960, sheria ya 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi huo.

Mwaka 1979, hapo hapo New York, mume na mke, wote wanasheria, wakaja na wazo la kuwauliza marafiki zao badala ya kumtegemea mtaalamu mmoja. Ndiyo Zagat ikazaliwa. Chakula kilikuwa na alama zake mpaka 30, mandhari zake, huduma zake, halafu makadirio ya bei pembeni. Kwa kutupia jicho mara moja unajua: hapa chakula kitamu, wahudumu wana nyodo, bei inauma.

Halafu zikaja tovuti. Tripadvisor mwaka 2000, Yelp 2004. Uzuri wake siwezi kuukataa: kila mtu akapata sauti, na ramani ikaja kiganjani. Ila kuna kitu kilipotea. Chakula, huduma, foleni na hasira za mteja aliyekosa sehemu ya kuegesha gari, vyote vikatupwa kwenye sufuria moja na kutolewa nyota tano. Hata Zagat, baada ya kununuliwa na Google mwaka 2011, ilikuja kuacha alama zake 30 ikafuata nyota tano.

Matokeo yake? Mwaka 2017 kijana mmoja mwandishi wa London alikisajili kibanda cha bustani alikokuwa akiishi kama mgahawa kwenye Tripadvisor. Picha za "vyakula" alizitengeneza kwa vitu kama povu la kunyolea ndevu. Marafiki wakaandika sifa. Miezi michache baadaye kibanda kikawa namba moja London nzima, kikiipita migahawa zaidi ya 18,000! Na mpaka wakati huo hakuna mteja aliyekuwa amekula pale.

Kwa hiyo tovuti ya migahawa usiipime kwa uzuri wa picha wala wingi wa maoni. Ipime kwa maswali ya mwenye njaa. Je, inaniambia bei kabla sijatoka nyumbani? Kumefunguliwa sasa hivi? Mwenye kiti cha magurudumu ataingia? Anayekula halali tu atapata chochote? Ukisoma dakika tano bila kupata majibu hayo, ujue kijitabu cha mwaka 1936 kisichohitaji bando kilimjali msomaji wake kuliko hiyo tovuti.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ukitafuta sehemu ya kula, unaangalia nini kwanza? Na nyota zimewahi kukuponza? Tukutane kwenye maoni hapo chini.